Siku Nilipoziachia Mbaazi za Mama Mkwe Zijikoroge Kama Nyota

Naomba niseme mapema ili tusipotezeane muda: ndiyo, ni mimi. Yule mwalimu wa fizikia aliyeunguza mbaazi za jumuiya nzima pale Chuno ni mimi, sina pacha, na wala sikurogwa (kuna binamu yangu mmoja Makete bado anashikilia kwamba nilirogwa, na kwa kweli namshukuru kwa upendo wake). Kama kisa hiki umeshakisikia kwa mtu mwingine, ondoa ile sehemu ya gari la zimamoto, halikuja, lakini yaliyobaki yote ni kweli na yanatosha kabisa kunifanya mpaka leo nikienda sokoni nipite njia ya nyuma.

Mimi nimezaliwa Makete, kule kwenye baridi, ambako maharage unayabandika kwa maji na chumvi, unaenda shamba, unalima, unarudi, unayakuta yameiva na hayana kinyongo na mtu. Ndivyo nilivyokua, nikijua kwamba mboga ni kitu kinachojipikia chenyewe wakati wewe unafanya mambo ya maana. Nikasoma, nikaajiriwa, nikapangiwa Mtwara, shule moja ya sekondari upande wa Mtawanya, na mwaka wangu wa pili pale nikakutana na Skola. Skola ni muuguzi, wazazi wake ni watu wa Songea waliohamia huku zamani kwa sababu ya kazi ya baba yake bandarini, na nilimpenda kwa namna ambayo hata wanafunzi wangu walianza kuifanyia utani. Nikaandika barua ya posa. Ikapelekwa na wazee wawili wa heshima, ikapokelewa, na ujumbe ukarudi kwamba jibu litatolewa Jumapili ya sikukuu ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wetu, nyumbani kwao, baada ya chakula, mbele ya watu, kwa sababu Baba Skola amezoea kazi ambayo mzigo haushuki melini bila mashahidi.

Tatizo halikuwa Baba Skola. Tatizo lilikuwa mama yake, ambaye alikuwa ameshatoa maoni yake juu yangu, na Skola (ambaye hajui kuficha kitu) akaniletea maoni hayo kama yalivyo: "Huyu kijana anatazama juu muda wote. Sasa chini atatazama nani?" Naomba nisijitetee sana. Ni kweli kwamba mara ya kwanza kufika kwao, jioni jua linazama, nilikuwa namwonyesha mama huyo Zuhura inavyong'aa juu ya paa la jirani, nikarudi nyuma hatua moja ili aone vizuri, nikakanyaga kifaranga chake. Kifaranga hakikupona.

Basi Jumapili ikafika. Tumetoka kanisani, uwanja umefungwa turubai, viti vya kukodi, watu kama themanini, na kwenye mafiga pembeni ya uwanja kuna sufuria lile kubwa la shughuli, limejaa mbaazi zilizochemshwa zikaiva tangu asubuhi, zinasubiri tui zito. Mpishi mkuu alikuwa Bi Somoe, jirani yao ukuta kwa ukuta, mama wa Kimakonde kutoka vijiji vya Kitaya kule kando ya mto Ruvuma, Mwislamu safi ambaye hakuna sikukuu ya jumuiya yetu inayopikwa bila yeye. Ndiye aliyemfundisha Mama Skola kupika kwa nazi, maana watu wa Songea nao, tusidanganyane, kabla ya hapo walikuwa wanapika kama sisi tu.

Mama Skola akatoka jikoni, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akaninyooshea upawa mbele ya watu wote.

"Mwalimu. Leo tui utalipandisha wewe."

Uwanja mzima ukapiga vigelegele, kwa sababu kila mtu alielewa huo ulikuwa mtihani wa nani na wa nini. Skola alikuwa anatoka na wenzake kwenda kuazima sahani kanisani, akapita karibu yangu akanong'ona: "Ukishika huo upawa, usiongee. Nakujua. Usiongee kabisa." Nikamwambia asinidhalilishe, mimi nina shahada.

Bi Somoe akamimina tui juu ya mbaazi, akanipa masharti. "Nwalimu, nsikilize. Tui halipewi ngongo. Unachota, unamimina. Unachota, unamimina, mpaka litokote. Ukiacha linakatika, na mbaazi zinashika chini. Na nkono haubadilishwi hapa, aliyeanza ndiye anayemaliza, ukimpa ntu mwingine umeliharibu." Kisha akaenda kukaa kwenye mbuzi yake kukuna nazi za wali, hatua tano kutoka kwangu. Nikachota, nikamimina. Nikachota, nikamimina. Kazi yenyewe, nikajisemea, ndiyo hii? Dakika tano nikawa nimeshaona kwamba mtihani huu umetungwa kwa ajili ya watu wasiosoma.

Hapo ndipo Baba Skola, aliyekuwa amekaa chini ya turubai na Katekista na wajomba wawili, alipojifuta jasho akaniuliza kwa sauti, tena kwa wema kabisa, ili nisijisikie mpweke pale motoni:

"Mwalimu, wewe si mtu wa mambo ya juu? Hebu tuambie, hili jua la Mtwara linalotuchoma hivi, kuni zake zinaisha lini?"

Mtu mwenye akili angejibu, "Bado sana, baba," akaendelea kuchota. Jibu lenyewe ni sahihi, halina kasoro ya kisayansi, na ningekuwa nimeoa siku nyingi. Lakini mimi nikaona mkwe ananiuliza swali la nyota, ninalo sufuria motoni mbele yangu, ninao wasikilizaji themanini, na nikaona Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga kipindi hiki. Nikaweka upawa juu ya kifuniko (nilihitaji mikono miwili, fizikia haielezeki kwa mkono mmoja) nikawageukia.

Nikaanza vizuri, lazima niseme. Nikawaambia jua halichomi kuni, linachoma hidrojeni, na linaichoma katikati tu, kwenye kiini, pale penye joto kali, na majivu yake ni gesi nyingine inaitwa heli. Sasa kuni zinaisha lini, hiyo inategemea kama kiini kinakorogwa au hakikorogwi. Nikawaeleza habari ya myuko, yaani ile tabia ya kitu kikipata moto kwa chini kupanda juu, kikapoa, kikashuka, kikapanda tena. Nyota kubwa kuliko jua, nikasema, kiini chake kinatokota kwa myuko, majivu yanachanganywa yasirundikane, na kuni mbichi zinavutwa kutoka pembeni kuingia katikati, kwa hiyo nyota hiyo inaishi muda mrefu kuliko ambavyo ingeishi bila kukorogwa. Lakini jua letu, katikati yake hakuna myuko! Joto linatoka kwa mnunurisho tu, kama unavyolisikia joto la moto ukiwa umekaa kando yake. Majivu yanabaki pale pale yalipozaliwa, yanarundikana, na siku kuni za katikati zitakapoisha jua litavimba liwe jitu jekundu huku limezungukwa na hidrojeni tele ambayo halikuwahi kuigusa.

"Yaani linakufa njaa na chakula kipo pembeni?" Baba Skola akauliza.

"Hasa, baba!" nikasema, na nikajiona nimeshaoa.

"Nwalimu," Bi Somoe akaita kutoka kwenye mbuzi. "Tui."

"Nakuja, bibi."

Mjomba mmoja akauliza sasa huo myuko unafananaje, mbona yeye hauoni. Nikamwonyesha sufuria. Nikamwambia, ona, moto uko chini, kwa hiyo mbaazi za chini zinapanda, za juu zinashuka, hata nisiposhika kitu.

"Nwalimu, koroga!"

Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipotamka maneno ambayo nikifa nadhani yatasomwa kwenye ibada yangu. Nikamgeukia Bi Somoe, mwanamke aliyepikia harusi za watu ambao watoto wao sasa wana watoto, nikamwambia kwa upole wa mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mzito: "Bibi, usiwe na wasiwasi. Kisayansi, hili linajikoroga lenyewe."

Mbuzi ya nazi ikasimama. Bi Somoe akanitazama, akatazama sufuria, akarudi kukuna nazi yake taratibu, na wakati ule nilidhani ameelewa.

Katekista, ambaye ni mtu mkweli na amevaa shati lake jeupe la Pasaka, akasogea akachungulia sufuria akasema mbona limetulia tu, halifanyi hayo ninayosema. Ningeweza kulichukulia hilo kama onyo. Sikulichukulia hivyo. Nikamwambia hii kwa sasa ni nyota ndogo, ngojeni niwaonyeshe nyota kubwa, nikainama nikasukumia kuni tatu nene ndani ya mafiga. Moto ukalipuka. Sufuria likaanza kuguna, puu, puu, kama matope yanayochemka, na nikawa naelekeza kwa kidole kila puto linavyopasuka, nimefurahi ajabu, mpaka puto moja kubwa likapasuka na kumrushia Katekista kijiko kizima cha mbaazi kifuani.

Ungedhani ningeomba radhi. Mimi nikasema, "Umeona! Hilo ndilo jambo lenyewe!" Nikaeleza kwamba kinachopanda ndani ya nyota hakisimami pale mpaka wa kiini unapoishia, kinapitiliza kwa ile kasi yake na kuvuta kuni zaidi za nje, na wataalamu mpaka leo wanabishana kinapitiliza kwa kiasi gani (kwa Katekista kilipitiliza mpaka ndani ya mfuko wa shati, hilo halina ubishi). Katekista alikuwa anajipangusa kwa leso na kusema "Sawa, Mwalimu, sawa," kwa sauti ambayo huwa anaitumia kwa wagonjwa.

Ndipo harufu ikaja. Kwanza nilidhani ni kwa jirani, na nikakumbuka jirani ni Bi Somoe ambaye amekaa hapa. Nikageuka. Tui lilikuwa limekatika, mafuta yanaelea huku na maji kule, na katikati kulikuwa kunatoka moshi mwembamba wa rangi ya bluu. Mama Skola akatokea mlangoni na mikono yake ina unga.

"Kinaungua nini?"

Sasa sikiliza, mpaka hapo tulikuwa tunaweza kupona. Wapishi wote wa pwani hii wanajua kitu cha kufanya mbaazi zikishika chini: unaipua, unachota za juu taratibu unazihamishia chombo kingine, na chini huligusi, unaliachia balaa lake. Zaidi ya nusu ya sufuria ingeokolewa. Lakini mimi niliona Mama Skola anakuja, nikanyakua mwiko mrefu badala ya upawa, nikauzamisha mpaka chini kabisa, na nikakoroga. Bi Somoe alipiga kelele, "Usiguse chini! Nwalimu, chini usigu—" lakini nilikuwa nimeshakoroga kwa nguvu zangu zote za Kimakete, nimepandisha mkaa wote juu, na nimeuchanganya sawasawa, pembeni na katikati, bila upendeleo. Myuko ule niliowahubiria watu robo saa nzima bila kuonekana, ndio nikauleta kwa mikono yangu wakati pekee ambao haukutakiwa. Mbaazi zikawa kijivu.

Nilichosahau ni kitu ninachokifundisha kila mwaka. Myuko unataka kitu kinachoweza kutiririka. Mbaazi zilizoiva ni nzito, zinalala chini, uji wake ni mzito, haupandi wala haushuki, unakaa pale pale unaungua, na za juu hazina habari. Lile sufuria halikuwa nyota kubwa hata siku moja. Lilikuwa jua. Nimesimama nawaelezea watu jinsi jua litakavyokufa, na linakufa nyuma ya mgongo wangu.

Skola akarudi na sahani. Akatazama sufuria, akatazama shati la Katekista, akanitazama mimi nimeshika mwiko.

"Uliongea," akasema. Hakuwa anauliza.

Katekista alibariki chakula. Namheshimu mtu yule, kwa sababu alifika penye "chakula hiki" akasita, akameza mate, akamalizia. Watu wakala wali wa nazi na achari ya embe ya Bi Somoe, na wale wachache wenye adabu kupita kiasi walionja mbaazi, mjomba mmoja akasema zina ladha fulani ya kwenye garimoshi. Mama Skola alinipakulia mwenyewe. Sahani imejaa, mbaazi tupu, bila wali, akaniwekea mbele, akasimama. Nilimaliza. Nilikuwa natokwa machozi na niliwaambia watu ni moshi, na hakuna aliyenibishia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kisha Baba Skola akasimama. Bahasha alikuwa nayo mfukoni mwa koti, niliiona kona yake. "Ndugu wanajumuiya," akasema, "barua ya Mwalimu jibu lake lilikuwa tayari. Ila Mama Skola ameomba tulirudishe jikoni kidogo." Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika. Akakaa. Bahasha ikarudi ndani ya koti, na mimi nikaondoka pale kwa miguu mpaka kwangu, sikutaka hata bodaboda, kwa sababu dereva wa bodaboda angeniuliza shughuli ilikuwaje.

Skola hakunipigia wiki nzima. Nilikuwa naingia darasani nafundisha, lakini nilikuwa mtu aliyekwisha, nawaambieni wazi, nilidhani nimempoteza kwa ajili ya kuni za jua ambazo wala haziishi leo wala kesho. Jumamosi nikaenda kwa Bi Somoe. Nilimwamkia, nikamwomba anifundishe, na nikategemea atacheka. Hakucheka. Akaniwekea sufuria dogo la vikombe viwili, akanipa upawa, akakaa kwenye mkeka anachambua mchele. Wiki ya kwanza tui likakatika kwa sababu nilimjibu mtu hodi. Wiki ya pili likakatika kwa sababu nilijisifu kwamba halijakatika. Wiki ya tatu likatokota, jeupe, zito, na Bi Somoe akaonja akasema "Mm," nikaona kama nimepewa shahada ya pili.

Siku hiyo, sufuria likiwa limeshaipuliwa, ndipo akaniambia sasa naruhusiwa. "Haya, zile nyota zako. Hakuna inayojikoroga yote?" Nikamwambia zipo, zile ndogo kabisa, nyekundu, hafifu mno hata kwa macho huzioni. Hizo zinajikoroga kuanzia katikati mpaka kwenye ngozi, taratibu, hazibakizi kuni, na zinaishi muda mrefu kuliko nyota nyingine zote. Bi Somoe akafikiri kidogo.

"Hazina kelele?"

"Hazina, bibi."

"Basi hizo ndizo zenye akili," akasema, akanifungia mbaazi kwenye bakuli nimpelekee Mama Skola, tena akaniagiza nisiseme nimepika mimi. Nilizipeleka, sikusema. Bakuli likarudi limeoshwa, bila neno.

Jumapili ya wiki ya nne nikaitwa. Safari hii ni familia tu, na Katekista (shati lilitakata, asante Mungu, ila alikaa mbali na moto). Mafiga yale yale, sufuria lile lile, Mama Skola ananinyooshea upawa ule ule. Nikaanza. Nikachota, nikamimina. Nikachota, nikamimina. Skola amesimama mlangoni amekunja mikono kifuani, hatabasamu. Tui limeanza kupata moto, limefika pale pabaya ambapo ukipepesa jicho limekatika, na hapo hapo Baba Skola, amekaa kitini na soda yake, akakohoa.

"Mwalimu. Kuna jambo limenisumbua mwezi mzima. Ukisema ule myuko unapitiliza mpaka wa kiini, ni nani anayeupima, na anaupimaje, na mtu hawezi kuingia ndani ya nyota?"

Jamani. Hilo ni swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa tangu nianze kufundisha. Wanapima nyota inavyotetemeka! Nyota zinatetemeka, na kwenye mtetemo ule unasoma kiini kimefika wapi, kama unavyogonga pipa ukajua maji yameishia wapi! Lote lilinijaa mdomoni, nikahisi shingo inataka kugeuka yenyewe. Nikatazama chini. Nikachota, nikamimina.

"Naomba niipue kwanza, baba."

Nikachota, nikamimina, jasho linanitoka mpaka kwenye kope, mpaka tui likapanda lote kwa pamoja, jeupe, likatokota, nikavuta kuni, nikaipua. Ndipo nikainua kichwa. Skola alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na Mama Skola alikuwa ameshafika kwa mumewe, ametia mkono ndani ya koti, ameitoa ile bahasha mwenyewe.

"Mpeni mtoto barua yake," akasema. "Imeshaiva."

Tumeoana na tunaishi Chuno hapa hapa, ukuta wa pili kutoka kwa Bi Somoe, na mbaazi za Jumapili napika mimi. Nyota bado nazifundisha, darasani, ambako hakuna kilichobandikwa. Lakini ukinikuta mtaani ukataka kuniuliza habari za jua, usishangae nikikuuliza kwanza kama nyumbani umeacha kitu motoni, na ukisema ndiyo, sitakujibu hata salamu. Baba mkwe lile swali lake nilimjibu siku ile ile baada ya kula, nikamwambia yote, saa nzima, na nilipomaliza nikakuta ameshalala kwenye kiti.